Uzi maalumu: Kitu gani nyumbani kwenu kiliungwaungwa mpaka kikakataa kufa?

Mpini wa Jembe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jumamosi nilipakia vitu viwili kwenye bajaji nikaenda navyo kwa fundi mmoja hapa kwetu Tabata. Cha kwanza ni feni ya meza ya marehemu baba, National, yenye mapanga ya chuma na wavu mpana kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto. Baba aliinunua kabla sijazaliwa, na mimi mvi zimeshaanza. Cha pili ni blenda ya mke wangu. Haijamaliza hata mwaka.

Feni fundi aliipokea kama mgeni wanayefahamiana. Akaizungusha kwa kidole, akaitegea sikio, akasema, "Bushi zimelika. Na hii koili ilishasukwa upya. Aliyeisuka alikuwa fundi kweli." Kesho yake nikaikuta inavuma. Blenda aliigeuza juu chini mara mbili, akatafuta skrubu, akanirudishia. "Mkubwa, hii haifunguki. Walioitengeneza hawakutaka tukutane."

Hilo neno nimelala nalo siku tatu.

Mimi nimekulia Tabora miaka ya 1980. Wa rika langu mnakumbuka: vita vya Kagera vimetoka kuisha, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna, na spea haziingii. Kwetu betri za redio hazikutupwa. Zikichoka zinaanikwa juu ya bati tangu asubuhi, jioni zinarudishwa ndani ili mzee apate taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam). Kaka yangu alikuwa anaziuma kwa meno, akiamini anazikamua. (Kumbe kuanika kulikuwa na maana: joto linaamsha kemikali zilizobaki mule ndani, unapata dakika kadhaa. Kuuma ni kubonyeza vilivyokauka vigusane. Usijaribu, mle ndani mna sumu.) Zikigoma kabisa, tunafunga betri nyingine mbili nzee nje ya redio, ndani ya bomba la karatasi ngumu, na waya unapita kwenye tundu la mfuniko. Sauti inarudi. Redio yetu ilikuwa na mkia.

Kengele ya shule ilikuwa ringi ya lori imening'inizwa kwenye mwembe, inagongwa kwa bolti la springi. Jioni tulisomea koroboi la kopo la maziwa. Miguuni makatambuga, yaani tairi. Ukitazama nyayo zetu barabarani ungedhani limepita gari dogo sana.

Watu wanasema tulitengeneza vitu kwa sababu ya shida tu. Sikatai. Lakini shida mbona bado tunazo tele, na blenda imerudi kabatini? Skrubu ndizo zimepungua. Zamani kitu kikiharibika kilikuwa kinakungoja. Siku hizi kinaharibika kimefungwa mdomo.

Karibuni. Tajeni kitu chenu kilichokataa kufa.

---

Kipanya cha Mbagala

Siti ya dirishani hapa. Nafuata chai narudi.

---

Spana Kumi na Tatu

Mleta uzi umenigusa. Mimi ni fundi magari, nimeanza kushika spana mtaa wa Gerezani hapa Dar nikiwa mdogo, kazi yangu ya kwanza kuosha nati kwa mafuta ya taa na kuzipanga kwa ukubwa. Hakuna nati iliyotupwa pale.

Nitaje Peugeot 404. Vijana mnaiona kwenye picha mnacheka. Hiyo gari ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na ya 1966 na 1967 aliyeiendesha ni Bert Shankland, mtu wa hapahapa Dar. Injini yake imelazwa upande, nyuzi 45. Ukifungua boneti mkono unafika kila mahali, mpaka unaweza kupumzisha kiwiko. Gari ikikufia Dodoma, fundi wa Dodoma hajawahi kuiona gari yako lakini ameona mia moja kama hiyo. Spea ya gari iliyokufa inaingia kwenye gari iliyo hai bila kubishana. Pikapu za 404 Kenya waliendelea kuziunganisha mpaka 1991, wakati Ufaransa kwenyewe 404 ya saluni walishaiacha tangu 1975.

Na porini madereva walikuwa na dawa zao. Tangi la mafuta likitoboka, unalipaka sabuni ya mche. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo inakaa mpaka ufike mjini. Rejeta ikivuja, unavunja yai mbichi ndani, linaivia palepale kwenye tundu. Pancha na huna spea tairi? Nyasi. Unashindilia nyasi ndani ya tairi mpaka ligome kuingia hata unyasi mmoja, halafu unatembea mwendo wa bibi harusi.

Sasa msije mkaenda kuvunja mayai kwenye IST zenu. Njia za maji za rejeta za leo ni nyembamba, yai litaziba kila kitu na utakuja kwangu unalia.

Niseme na upande wa aibu. Kuna ufundi na kuna utapeli. Difu (gia za ekseli) inayopiga kelele, mtu anaitia unga wa mbao au maganda ya ndizi, inanyamaza siku mbili tatu, ndani ya hizo siku gari imeshauzwa. Huyo simuiti fundi. Na ukiona Dar watu wamechora namba ya gari kwenye taa na vioo vya pembeni ili visiibwe, ujue hata soko letu la spea lina dhambi zake.

---

Bi Kitenge

Mnaongelea magari na redio kama vile nyumbani palikuwa na wanaume peke yao. Naomba niwakumbushe mambo ya kanga.

Kanga ikiwa mpya ni ya kutokea: harusini, msibani, hospitali kumtazama mzazi. Ikipauka kidogo inakuwa ya nyumbani. Ikilainika, hapo ndipo inapopanda cheo, inakuwa mbeleko, maana mpya inateleza na ina wanga. Ikichanika katikati inakatwa nepi. Nepi zikimaliza kazi, vipande vinakuwa kata ya kubebea ndoo, kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho kabisa dekio. Mimi nimewahi kudeki kwa maandishi ya kanga ya mahari ya mama, herufi mbili tatu zinasomeka. Nilimwambia, akacheka mpaka akakaa chini.

Sweta za shule hazikununuliwa kila mwaka. Ya kaka ikimbana inafumuliwa, uzi unazungushwa kwenye mgongo wa kiti, unaloweshwa ili unyooke, inafumwa upya kwa mdogo. Mashati ya baba kola ikichakaa inafumuliwa, inageuzwa upande wa ndani uje nje, ofisini hakuna anayejua. Kaptura za wavulana zilikuwa na viraka viwili vya duara makalioni kama taa za nyuma za gari.

Na cherehani ya mama, Singer ya miguu. Ukanda wa ngozi ulikatika zamani sana, ukawekwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa wembamba. Mpira ukilegea unakatwa mwingine. Hiyo cherehani bado ninayo, na ninaitumia, na watoto wangu wawili wamesoma kwa hiyo.

Wanaume walitengeneza kitu kikiharibika, kikapigiwa makofi. Sisi tulikuwa tunatengeneza kila siku na hakuna aliyeita ufundi.

---

Mpini wa Jembe

Dada yangu Bi Kitenge, nimepokea kwa mikono miwili. Kata ya kanga nilikuwa nimeisahau kabisa.

---

Hasira za Mkizi

Nimesoma nimeona nivunje sherehe. Mnaupamba umaskini.

Anko wangu alikuwa utingo wa lori. Bomba la breki la tairi moja lilipasuka, fundi akaligonga kwa nyundo likajifunga, akasema "hizo tatu zinatosha". Mafuta ya breki yalipopungua wakaongezea maji ya sabuni. Walifika Kitonga usiku, wanashuka. Ile kona mnaijua. Kazi ya utingo ni kuruka chini na gogo akalitie nyuma au mbele ya tairi. Aliruka. Lori likasimama ukutani, yeye mguu ukabaki hivyo alivyo nao mpaka leo. Fundi wa namna hiyo Bongo tunamwita Fundi Maiko na tunacheka, lakini anko hachekagi.

La pili: sufuria za kuyeyusha. Watu wanakusanya alumini yoyote, pistoni, vipande vya injini, na takataka nyingine humohumo, wanayeyusha, wanamwaga kwenye udongo, sufuria tayari. Zimeshapimwa katika nchi kadhaa za Afrika na risasi imekutwa inatoka kwenye sufuria inaingia kwenye chakula. Ukipikia nyanya au ukakamulia ndimu ndiyo inatoka zaidi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na ubongo hauchomelewi.

Mimi sitamani kurudi kuanika betri. Kama mna hamu sana, anzeni kuanika za rimoti zenu.

---

Kipanya cha Mbagala

Hahaha "anzeni za rimoti zenu". Mkuu kwetu tunaanika za rimoti mpaka leo, unaongea nini?

---

Spana Kumi na Tatu

Mkizi, pole kwa anko. Nakubaliana nawe bila kuzunguka: kuna vitu haviungwi. Breki, usukani, mkanda wa gari. Aliyenifundisha kazi alikuwa anasema kwa ukali, mteja akilazimisha aungiwe breki mrudishie ufunguo. Tulipoteza wateja kwa hilo.

---

Mjukuu wa Gikomba

Niaje wandugu wa Bongo. Huku Nairobi hii kitu ina jina na ina anwani. Ukishuka Kamukunji unasikia kabla ya kuona: nyundo mia kwa wakati mmoja. Pipa la mafuta linakunjuliwa, linakuwa karai, toroli, sanduku la mwanafunzi wa bweni. Guka (babu) wangu alipiga bati pale miaka mingi, masikio yalikuwa yameisha, lakini akishika karatasi ya bati alikuwa anajua unene wake kwa kuitikisa tu.

Jina jua kali lilikuja kwa sababu walifanya kazi juani, hakuna paa. Novemba 1985 Rais Moi aliwatembelea hapo Kamukunji na kuwaahidi vibanda, na kutoka hapo serikali ikaanza kuwataja kwenye mipango yake. Kabla ya hapo walikuwa ni watu wa kufukuzwa na askari wa kanjo (wa jiji).

Na msidhani ni viraka tu. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile la kiuno chembamba, lilitoka hapa miaka ya 1980. Wazo lilitoka kwa majiko ya ndoo ya Thailand, lakini umbo lile ni la wapiga bati wetu pamoja na wahandisi, wakijaribu na kukosea. Udongo unazuia joto lisitoroke pembeni, mkaa unakaa. Leo liko kila jikoni mpaka huko kwenu.

Makatambuga sisi tunaita akala. Betri tunaita mawe. Kuuma mawe nilidhani ni ujinga wa kwetu pekee, kumbe ni wa Afrika Mashariki nzima.

Lakini skrepa nayo ina balaa. Januari 2022 taa zilizima nchi nzima baada ya minara ya umeme kuanguka, ikasemekana vyuma vyake viliibwa, na serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa. Mafundi waaminifu walikaa njaa kwa makosa ya wengine.

---

Nahodha wa Nungwi

Assalaam aleikum. Nyinyi wa bara mwazungumza habari ya miaka arubaini. Jahazi je?

Chombo cha mbao hakina siku ya kuwa kizima. Kila mwaka hupandishwa pwani, hungojewa maji yatoke, kikasuguliwa. Baina ya ubao na ubao hupigwa kalafati: pamba iliyorowekwa mafuta, inasokotwa, inagongwa ndani ya mwanya kwa patasi butu na nyundo. Sikio la fundi ndilo linalomwambia imejaa, mlio hubadilika. Juu hupakwa mafuta ya sifa, yatokanayo na papa, harufu yake utarudi nayo nyumbani na mke atajua ulikuwa wapi. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni, chokaa na shahamu, ili mdudu asile mbao. Ubao uliooza hutolewa peke yake. Taruma, yaani ubavu wa chombo, likivunjika latafutwa tawi la mwembe au mfenesi lenye pindo lilelile, maana taruma halikatwi likapindwa, huchaguliwa mtini limeshapinda.

Chombo cha marehemu babu kilibadilishwa kila kitu isipokuwa mkuku, lile gogo la chini linalobeba chombo chote. Na hata mkuku nasikia ulishaungwa. Tanga lilikuwa la amerikani (kitambaa cha pamba), sasa la turubai. Jina halikubadilika, na deni la babu kwa tajiri wa samaki halikubadilika vilevile.

Wenzetu wa Lamu mwaka 2018 wameshusha majini chombo kilichoundwa kwa plastiki na ndara zilizookotwa pwani, na mwaka uliofuata kikaja na upepo mpaka Unguja. Nimekiona. Nilipotazama zaidi ni zile mbao za plastiki, zimechongwa kwa tezo ileile.

---

Mtu wa Goma

Jambo yenu. Kwetu Kivu, Kongo, tuko na chukudu. Pikipiki ya mti isiyo na injini: mikaratusi, magurudumu ya mti yamevikwa mpira wa tairi, na breki ni kipande cha mpira unakanyaga kwa mguu gurudumu la nyuma. Inabeba makaa, viazi, kabichi, magunia kwa magunia, inashuka mlima toka vijijini. Mjini wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Watu wanapiga picha hapo, halafu mwenye chukudu anapita karibu anasukuma, hakuna anayempiga picha.

Sisi tunasema Kifungu cha 15 cha katiba: jitafutie. Katiba yenyewe haina hayo maneno, lakini kila mtu anakijua kwa moyo.

---

Baridi ya Hamburg

Nichangie kutoka Ujerumani. Huku kuna kitu kinaitwa Repair Café, kilianza Amsterdam mwaka 2009. Watu wanakutana ukumbini, wastaafu wenye bisibisi wamekaa mezani, unaleta kibaniko chako cha mkate, mnakifungua pamoja huku mnakunywa kahawa. Bure. Nilienda na pasi. Mzee mmoja alipoona nimeshaishika bisibisi kabla yake aliniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia, nyumbani kwetu Moshi kila mtoto ni msaidizi wa fundi, kazi yake kushika tochi na kutukanwa.

Tena mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya vifaa, kama mashine za kufulia, friji na simu, wakubali kuvitengeneza hata baada ya waranti kuisha. Ufaransa tangu 2021 baadhi ya vifaa vinauzwa vikiwa na alama ya kuonyesha vinafunguka kwa urahisi kiasi gani. Mleta uzi, blenda yako huku ingepewa sifuri.

---

Hasira za Mkizi

Sawa, ila ona tofauti. Huko mtu anatengeneza pasi Jumamosi kwa raha zake, ikishindikana Jumatatu ananunua nyingine. Anko wangu hakuwa na Jumatatu.

Ila hilo la alama dukani nimelipenda. Hapa tunanunua kwa kuangalia rangi na boksi.

---

Bi Kitenge

Mkizi leo amekubali kitu. Andikeni tarehe.

---

Spana Kumi na Tatu

Mpini wa Jembe, turudi kwenye blenda yako, maana sijaridhika. Blenda nyingi skrubu zipo, zimefichwa. Igeuze, vuta ile miguu ya mpira taratibu. Chini yake utakuta matundu, na ndani kabisa skrubu zenye kichwa cha pembe tatu. Bisibisi yake haipo kwenye boksi la fundi wa kawaida, ndiyo maana amesema haifunguki. Chukua msumari wa inchi sita, saga ncha kwa tupa mpaka iwe pembe tatu.

Ukifungua, tazama kwenye koili, kuna kitu kidogo kama punje ya mchele kimefungwa na kitambaa. Hiyo ni fyuzi ya joto. Mara nyingi kinachokufa ni hicho tu, kwa sababu mama kasaga karanga dakika kumi bila kupumzisha. Pima. Ikiwa imekata, weka nyingine ya joto lilelile, imeandikwa ubavuni. Na kabla ya yote chomoa kwenye umeme.

Sasa nisikilize: fundi akikwambia "tuiruke", yaani aunge waya bila fyuzi, kataa. Itasaga vizuri sana mpaka siku itakapowasha nyumba.

---

Mpini wa Jembe

Mrejesho, wakuu. Msumari umenichukua jioni mbili na malengelenge mawili. Skrubu zilikuwepo, nne, pembe tatu kama alivyosema. Fyuzi ilikuwa imekata. Kariakoo nimeipata duka la tatu, shilingi 1,000, muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi, nikanyamaza tu niheshimike.

Nilimpelekea yule fundi wa Tabata msumari wenyewe akauone. Ameugeuzageuza, ameutia kwenye droo yake, hajanirudishia.

Tatizo moja: wakati navuta miguu ya mpira mmoja ulichanika. Nimekata kisigino cha ndara ya zamani nikakibandika kwa solusheni. Kimezidi kidogo, kwa hiyo blenda imeinamia upande wa sinki. Mke wangu ameitazama, akanitazama, akasema nimekuwa baba yangu. Juisi ya leo ni ya ukwaju.

---

Kipanya cha Mbagala

Nimerudi na chai, imeshapoa. Weka picha ya hiyo blenda iliyoinama.